Wino Pembeni mwa Uvimbe

Kwa miaka ishirini na minane Chadia ameshona nguo za mabibi harusi katika komini ya Kenya, mtaa wa mjini kwao wenye jina kama la nchi, na mdomo wake unajulikana kuliko cherehani yake. Aliwahi kumfukuza hadi barabarani mwanafunzi wake aliyekata kitambaa juu ya mstari wa chaki. Pembeni lazima ibaki akiba, la sivyo nguo imeharibika, basi.

Mwezi uliopita daktari Lydie alimtoa uvimbe kwenye titi la kushoto. Kabla ya kumpasua alimweleza taratibu: watu wa maabara watakipaka wino kile kipande kwa nje, kisha watazame kwa darubini kansa imeishia wapi. Ikiwa mbali na wino, vizuri. Ikiugusa, huenda nyingine imebaki mwilini.

Ijumaa majibu yakatoka. Katika ukoo wao bahasha ya hospitali hufunguliwa na mkubwa wa nyumba, kwa hiyo kaka yake Feruzi akaisoma dukani kwake, na miwani ya kuazima. Aliona uvimbe wa sentimita mbili umetolewa. Hayo yalimtosha. Akachinja mbuzi, akaalika watu msikitini waje kwenye dua ya shukrani, ndipo akampelekea dada yake karatasi, uso umemchangamka.

“Balikata, balitosha ile uvimbe yote, mudogo yangu! Centimètres mbili tu. C'est fini, imeisha!”

Chadia akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Ukubwa, sawa. Grade trois, daraja la tatu: daktari alisema hiyo ndiyo kansa yenye haraka ya kuenea. Kidole kikashuka. Ukingo wa ndani, upande wa mbavu: zéro millimètre. Akavuta tepu ya kupimia, kwa mazoea tu, akaitazama sifuri. Haikuwa na nafasi hata ya uzi. Aliogopa.

“Yaya,” akamwita kaka yake, “ulisoma na huku chini?”

“Huku chini iko mambo ya badocteur.”

“Iko mambo yangu. Kansa inagusa wino. Balikatia juu ya chaki.”

Feruzi akavaa miwani, akasoma, akarudia. Uani sufuria zilikuwa zinachemka, na wageni wa kwanza walishaanza kuvua viatu mlangoni.

“Bantu banaisha kufika, Chadia. Nitabaambia nini?”

Chadia alikunja karatasi mara nne. Daktari angepatikana tena Jumatatu.

“Lundi asubui tunarudia kwa docteur. Leo baambie baombe tu. Aksanti ingoje kwanza.”