Maneno ya Mwisho ya Baba

Mimi ni mtu wa kushuku. Nafundisha falsafa katika chuo kidogo mjini Nyamira, na kila muhula nawaonya wanafunzi wasimeze wasifu wa wanafalsafa wa Kiyunani mzimamzima. Walioandika wasifu huo walizaliwa karne nyingi baada ya wenyewe kufa. Humo kuna mzee aliyeletewa habari kwamba mwanawe amefariki, naye akajibu kwa utulivu kuwa tangu mwanzo alijua amezaa mtu wa kufa. Jibu zuri. Ubaya ni kwamba wamepewa wazee watatu jibu hilo hilo.

"Neno likiwakaa watu watatu vizuri namna hiyo," huwaambia, "ujue limeazimwa." Wao hucheka, nami hujiona mjanja.

Baba yangu alikuwa mkulima wa chai huko Nyacheki. Nilipong'oa mistari sita ya chai yake bila kumwuliza, nikapanda parachichi, aliniambia nisikanyage tena ua wake. Nilikuwa na kiburi, sikurudi kuomba radhi. Miezi minne baadaye akafa.

Siku ya mazishi kaka yangu mkubwa aligawa karatasi za ratiba, zenye picha ya baba na wasifu wake. Mwishoni iliandikwa: "Aliomba maji, akanywa kidogo, akawasamehe wote waliomkosea, akafumba macho." Nililia mbele za watu bila haya. Wote, na mimi nimo! Karatasi hiyo niliiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, na kwa miaka tisa ikawa ndiyo inayonipa usingizi.

Mwaka huu tulimzika jirani, mama aliyekuwa akichuma chai shamba moja nasi. Mchungaji akasoma wasifu wake. Aliomba maji, akanywa kidogo, akawasamehe wote waliomkosea.

Nilimvuta kaka kando, nyuma ya migomba.

"Haya maneno ni ya baba."

"Ah, hayo?" Hakushtuka hata kidogo. "Hayo nilipewa na yule dada wa kompyuta pale Ogembo. Alikuwa ameandikia mzee mwingine, akanifungulia, mimi nikabadilisha majina tu. Watu walikuwa wanangoja, ningefanya nini?"

"Kwani baba alisema nini?"

Aliniangalia, na hapo ndipo alipoelewa nauliza nini. Sauti ikamshuka.

"Ndugu yangu, omogaka, mzee wetu, hakusema kitu. Alilala jioni, asubuhi mama akamkuta ameenda."

"Na maji? Hata maji hakuomba?"

"Hata maji."

Juma lililofuata nilikuwa na kipindi cha wale wazee watatu. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini watu waliamini uongo ulio wazi namna hiyo. Nilimwambia afungue ukurasa unaofuata.

Karatasi ingali kwenye Zaburi. Najua maneno yake ni ya mzee mwingine, na bado naisoma.