Samaki wa Kupimia Sumu

Ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipokuja, baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, kila mwenye lori akawa mwagizaji. Mmoja alileta Bunda mapipa ya dawa ya kuhifadhi ngozi za ng'ombe, hayana hata lebo. Mimi nilikuwa mpimaji kwenye maabara ndogo Musoma, na kazi ya kusema dawa ile ni kali kiasi gani ikaniangukia. Ikiwa kali, kila pipa lingepigwa alama nyekundu ya fuvu, na dawa ikiisha litobolewe. Ikiwa hafifu, mapipa matupu yangeuzwa kwa watu.

Na pipa tupu lilikuwa mali enzi hizo. Dada yangu wa Manyamanyama, hapo hapo Bunda, alikuwa hanipi nafasi ya kupumua. "Kaka, hata kamoja tu. Maji nachotaga mbali." Nikamwambia asubiri nipime.

Mashine sikuwa nayo. Nilikuwa na mabeseni na vitoto vya sato. Beseni moja maji matupu ya ziwa, mengine yana dawa, kutoka kidogo hadi nyingi. Unatia samaki, kesho unahesabu waliokufa. Wakifa kwa dawa kidogo, hiyo ni sumu kali. Hata mlevi angeelewa.

Kesho yake mabeseni ya dawa yalikuwa karibu hayana samaki, na mizoga imejaa kwenye maji safi! Nikabadilisha maji, nikagombana na wavuvi walioniuzia, nikarudia. Yakawa yale yale. Siku iliyofuata niliwahi kazini, nikamkuta mama wa usafi amekunja mikono ya gauni, kitoto cha sato kiganjani.

"Mama, unafanya nini?"

"Hizi zinahema, mwanangu. Nazihamishiaga hapa kwenye maji safi zipumzike."

Nilitaka kulia. "Mama, hizo zinatakiwa zife!"

Akanitazama kana kwamba sina akili timamu. "Sasa si ungezikaanga tu?"

Nilikimbilia kwa mkuu wa maabara kumwambia kipimo kimeharibika. Mwagizaji alikuwa ameketi mbele yake, anakunywa soda. Mkuu alikuwa ameshaandika kwamba dawa imeua wachache, daraja la chini, kwa sasa. Hilo "kwa sasa" lilinipandisha hasira.

"Rudia taratibu," akasema. "Mzee huyu hawezi kukaa kusubiri samaki wako."

Nikarudia, mlango nimeufunga, ufunguo mfukoni. Safari hii hata kwenye dawa kidogo kabisa hakubaki samaki hai. Mkuu akasaini kuwa ni sumu kali, bila kuinua uso. Nikachukua kopo la rangi nyekundu, nikapanda basi la Bunda. Ghala la ngozi lilikuwa mbele kidogo ya kwa dada, basi nikapitia kwake.

Pipa lilikuwa mlangoni, limesuguliwa, limefunikwa vizuri kwa sinia. Dada akatoka anacheka, akachota kikombe, akanipa kwa mikono miwili kama mgeni.

"Umelitoa wapi?"

"Ghalani. Niliuliza kwanza, mimi siyo mjinga. Wakasema nyie wenyewe mmepima, halina neno."

Nikamwaga maji chini. Tabasamu lake likafutika.

"Nani amekunywa haya?"

Aligeuka akatazama watoto wake waliokuwa wakicheza uani.

"Wote," akasema. "Wewe tu ndo bado."