Chai ya Profesa

Profesa wetu wa kemia ya dawa hamruhusu mtu mwingine kumimina chai ya saa nne. Humimina mwenyewe hadi ukingoni, maana kwao Olmotonyi kumpa mgeni nusu kikombe ni kumfukuza. Hutuletea taratibu, macho kwenye chai, na isipomwagika hushusha pumzi kama aliyevuka mto. Sisi wanafunzi wake tunajua anachoogopa: dawa anayoitafuta miaka yote ni ya ugonjwa wa kutetemeka, uliommaliza mama yake, kisha dada yake.

Leo kila kikombe kilikuja nusu.

“Profesa…” nilianza.

“Kunyweni,” alisema, mikono ameshaificha mifukoni.

Tukanywa, tukijitahidi kutotazama mifuko ya koti lake jeupe, iliyokuwa ikitikisika.