Kliniki Tupu ya Jumanne

Msikilizaji wangu, vuta kiti. Leo nakupeleka Huruma, Nairobi, na tutarudi na funzo dogo la utafiti. Usiogope neno hilo. Ukiweza kukaa na jirani na kumsikiliza, tayari una mwanzo mzuri.

Niliondoka Machakos baada ya Mwende kunipigia simu. Mwende ni muuguzi niliyesoma naye. Kliniki yake ya watoto, inayofunguliwa kila Jumanne asubuhi, haikuwa na watu, na wafadhili walitaka kuifunga. Walimpa hadi Ijumaa aeleze kwa nini akina mama hawaji.

"Wewe unafundisha utafiti," aliniambia. "Njoo unielezee nimewakosea nini."

Jumatatu asubuhi, Huruma. Nilitoka na hojaji mkononi na kizibao cha manjano kifuani, nikidhani vitanipa heshima. Chini ya ghorofa ya kwanza, mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya alizifunika kwa leso.

"Kanjo! Kanjo wamefika!"

Alidhani mimi ni askari wa kaunti. Nilipojieleza, yeye na wanawake waliokuwa pale walicheka, kisha wakanijibu mbio mbio. Muuguzi anakuhudumia vizuri? Ndiyo. Kliniki iko karibu? Ndiyo.

"Andika ndiyo zote, madam, nimeacha nguo kwa maji," alisema Mama Nekesa, jirani yake Mwende.

Jioni nilikuwa na rundo la ndiyo, na bado sikujua kwa nini kliniki ilikuwa tupu.

Hapa nisimame kidogo. Hojaji ile ilitegemea imani kwamba ukweli ni mmoja, uko nje, unangoja kupimwa kama uzito wa mtoto kwenye mizani. Si imani mbaya. Mtoto hupimwa hivyo. Lakini upo mtazamo mwingine: kwamba watu huyapa mambo maana kutokana na maisha wanayoishi, na maana hiyo huipati bila kukaa nao. Utafiti wa kithamano huanzia hapo. Hauulizi sana ni wangapi. Huuliza vipi, na kwa nini.

Jumanne alfajiri niliacha kizibao nyumbani kwa Mwende. Mama Nekesa alikubali nimfuate kazini. Tulitembea kupitia Majengo hadi soko la Gikomba, ambako wenzake wanne walikuwa wamezunguka mtumba wa nguo za watoto walioununua pamoja. Kamba ilipokatwa, wakaanza kuchagua kwa zamu, kila mmoja nguo moja.

"Mbona leo huulizi kitu?" Mama Nekesa alinitazama.

"Naangalia kwanza."

"Basi angalia ulipokaa. Umekalia jaketi yangu!"

Alipokuwa akitundika nguo, nikamwambia, "Nieleze Jumanne yako."

"Ni hii unayoona. Asiyekuwepo kamba ikikatwa hana zamu. Siku moja nilimpeleka mtoto kliniki. Kurudi nikakuta soksi za mguu mmoja mmoja."

"Tulikuwekea na kofia, usitusingizie!" mwenzake akadakia.

"Lakini jana ulisema umeridhika," nikamwambia.

"Uliuliza kama Mwende anatuhudumia vizuri. Anatuhudumia vizuri sana. Uliniuliza Jumanne?"

Yule aliyetaja kofia akaongeza, "Na hiyo Jumanne ilichaguliwa na nani? Si sisi." Wapo watafiti wanaoanza na swali hilohilo: nani aliamua, na nani hakuulizwa? Huo ni mtazamo wa tatu, na niliusikia pale, juu ya rundo la sweta.

Jumatano niliwasomea akina mama nilichoandika, maana mtafiti anaweza kusikia vibaya. Nilikuwa nimependekeza kliniki ihamie Alhamisi asubuhi, siku ambayo hawafungui mtumba.

"Asubuhi tunafua na kupiga pasi," Mama Nekesa alinikata. "Weka saa tisa."

Nikafuta, nikaandika saa tisa alasiri.

Usiku huo Mwende aliisoma ripoti yangu mara mbili. "Kumbe hawanichukii," alisema, akafuta macho kwa mkono wa koti lake.

Ijumaa wafadhili walikubali kujaribu siku mpya. Nilirudi Machakos. Alhamisi iliyofuata Mwende akaniandikia ujumbe mfupi: viti havitoshi.

Nawe, kabla ya kuandika swali lako la kwanza, mtafute mtu mmoja anayeishi na jambo unalotaka kulijua. Mwambie, "Nieleze siku yako tangu ulipoamka." Kisha sikiliza, usimkatize mpaka amalize mwenyewe.