Kumchagulia Springi Gitaa

Baba yangu hajawahi kuiona bahari. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba zaidi ya nusu ya umri wake amekuwa akipiga muziki wa mawimbi, hudhani alizaliwa ufukweni. Wapi! Alizaliwa nyuma ya kiwanda cha nguo, akakulia hapo hapo, na alipoota ndevu akaingia ndani ya kiwanda chenyewe, idara ya kufuma, na humo ndimo nguvu zake zilimoishia. Muziki aliupata kwenye kanda chakavu: gitaa la umeme tupu, bila mwimbaji, linakwenda mbio kama linafukuzwa, sauti yote imelowa mwangwi. Inasemekana ulianzishwa na vijana wa mbali waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Baba hakujali waliteleza juu ya nini. Alichopenda ni ule mwangwi. Hutoka kwenye springi ndogo zilizofichwa ndani ya amplifaya, na kwa jinsi alivyozisifia springi hizo, wenzake kiwandani wakambandika jina. Ukimwulizia Springi utaonyeshwa mpaka mlangoni. Ukimwulizia kwa jina la kitambulisho utaambiwa hapa hayupo.

Kundi lao lilikuwa la wafumaji watupu. Yeye gitaa, baba mdogo dramu, na mtu wa ghala kwenye besi. Jumapili mchana walipiga kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, na baba yangu, mtu ambaye nyumbani alikula kimya na kulala kimya, alikuwa mtu mwingine kabisa pale jukwaani. Alicheka. Mimi, binti yake, nilikwenda kila wiki kumwona akicheka, kwa kuwa nyumbani kicheko hicho hatukupewa.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Baba akawa anaikimbia dramu, anaiacha nyuma. Mara nyuzi zimelegea, sauti imeshuka, kila mtu ukumbini anakunja uso isipokuwa yeye. Sote tukalisingizia gitaa. Lilikuwa zee, na shingo yake ilipinda tangu paa letu lilipovuja, kwa hiyo kisingizio tulikuwa nacho.

Siku moja baba mdogo akanivuta pembeni. Yeye ni mcheshi, lakini siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mwanangu, mpeleke mzee dukani akachague gitaa jingine. Tumeshakubaliana kundi zima, na pesa tumechanga. Ila akipata jipya na bado akaendelea hivi hivi, itabidi tumpumzishe. Yuko dada mmoja wa idara ya rangi, mkono wake mwepesi sana."

"Umemwambia baba?"

"Nimwambie kwa mdomo gani? Ni kaka yangu yule."

Basi mzigo ukawa wangu. Nilikwenda dukani nikimwomba Mungu kosa liwe la gitaa.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu wafumaji. Kwenye idara yao mashine zinapiga kelele kiasi kwamba ukimpigia mtu ukelele sikioni hakupati. Kwa hiyo hawapigi kelele. Husema kwa midomo mitupu, bila sauti, wakilikunjua kila neno, na mwenzao wa upande wa pili wa chumba anasoma na kujibu. Mama anasema alitongozwa hivyo, kutoka mashine hadi mashine, na msimamizi katikati asijue kitu. Nyumbani kwetu nako tulikua tukizungumza hivyo hivyo, uso kwa uso, midomo ikifunguka kama tunatafuna. Baba ukimwita ukiwa nyuma yake haitikii. Mama aliita hiyo jeuri, mimi niliita kutia pamba masikioni, na wote wawili tulimnunia kwa zamu.

Duka lilikuwa kwenye barabara nyembamba, ubavuni mwa duka la betri za magari. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye masharubu yaliyofunika mdomo wote. Akisema unaona nywele tu zinacheza. Akamwuliza baba anapiga muziki gani. Baba akatabasamu bila kujibu. Akauliza tena.

"Anasemaje huyu?" baba akaniuliza.

Nikamgeukia nikamwambia, akajibu vizuri. Nikajisemea kwamba huyu mwenye duka anamumunya maneno.

La kwanza lilikuwa zito, jeusi, la kupendeza. Baba akalipima mikononi, akagusa vinasa sauti vyake viwili vinene chini ya nyuzi. "Hili sauti yake nene. Kwa mawimbi litazama." Hata lilikuwa halijachomekwa, na Masharubu akatikisa kichwa kwamba ni kweli. La pili lilikuwa jepesi, lakini halikuwa na mkono, kile chuma kinachobonyezwa ili sauti iyumbe. Akalirudisha bila kulipiga. Moyo wangu ukaanza kupanda. Mtu anayejua hivi, nikasema, hana tatizo lolote. Tatizo ni lile gogo lake la zamani.

La tatu lilikuwa la buluu iliyofifia, vinasa vitatu vyembamba, mkono upo. Masharubu akalichomeka kwenye amplifaya ya springi, taa yake nyekundu ikawaka, baba akagusa uzi mmoja. Lo! Sauti ikatoka kali na safi, ikazunguka kuta, ikarudi. Mwili ulinisisimka. Baba alikuwa ananitazama mimi.

"Ni hili," akasema.

Akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, akaanza ule wimbo wao wa kufungulia ukumbi. Kidole kilipanda na kushuka kwenye uzi mnene kama sindano ya cherehani. Alikuwa amepatia, kila kitu kimekaa mahali pake. Nikaanza kupanga jinsi nitakavyomzodoa baba mdogo.

Umeme ukakatika.

Sauti ikafa katikati. Zikabaki nyuzi tupu zikilia tik tik tik, na honi za barabarani. Baba hakusimama. Macho kafumba, kichwa kinayumba, anabonyeza ule mkono na kuuachia, anacheka. Anacheka kile kicheko cha Jumapili.

"Sikia, mama!" akapaza sauti. "Sikia mwangwi huo!"

Masharubu akafungua kinywa. Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Sijawahi kuona uchungu wa namna ile, wala sitaki tena. Baba yangu alikuwa anapiga gitaa lililokufa, na alikuwa anausikia wimbo wote, mpaka mwisho.

Akafumbua macho akitaka sifa. Akaona uso wangu. Akatazama taa ya amplifaya, haiwaki. Akaniuliza bila sauti, kwa midomo, kama wanavyoulizana kule idarani:

"Umezimika lini?"

"Sasa hivi tu," nikajibu, kwa midomo pia.

Akainua macho kwenye feni ya darini. Mapanga yake yalikuwa yamesimama kabisa. Mfumaji anajua chuma kinachozunguka huchukua muda gani kusimama. Akanirudia, wala hakunigombeza.

"Kabla halijazimika," akauliza, sasa kwa sauti, kubwa kupita kiasi, "lilikuwa zuri?"

"Zuri sana, baba."

"Na mwangwi?"

"Ulijaa duka zima."

Akalifuta mahali alipolishika, kwa shati lake, taratibu, akampa Masharubu alifunge. "Mpelekee yule dada wa rangi," akaniambia. "Asiweke nyuzi nyembamba. Mwambie Springi kasema."

Kumbe alijua habari za yule dada. Wamezisema mbele yake wiki ngapi, kwa midomo, upande wa pili wa jukwaa, naye akizisoma.

Tukatoka. Yeye mbele, mimi nyuma na gitaa begani, nikilia waziwazi kwa kuwa nilijua hatanisikia. Pikapu ya duka la betri ikaja nyuma yetu ikipiga honi, watu wakaruka pembeni, yeye akaendelea kutembea katikati ya njia. Nikamkimbilia, nikamvuta shati. Pikapu ikapita, dereva akitutukania wazazi.

Baba akageuka. Akaniona machozi, akayaacha.

"Pita mbele, mama," akasema. "Kuanzia leo uwe unapita mbele."