Nusu Kidonge

Damu yangu ikitoka haikubali kuganda. Ndivyo nilivyozaliwa, na nilipovunja ungo mambo yakazidi: kila mwezi nililala wiki nzima, masomo yakinipita. Mwalimu mkuu alishanionya kwamba nikikosa masomo hivyo muhula mwingine, nafasi yangu atapewa mtu mwingine. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, daktari mmoja alipokuja Isiolo na vidonge vya kujaribiwa kwa vijana wenye ugonjwa huo, nilijiona nimepona.

Na kweli, mwezi wa kwanza nilikwenda shule kila siku. Kisha binti wa mama mkubwa akafika kutoka Garbatulla juu ya lori la mbuzi, amepauka kama jivu. Ugonjwa wenyewe ni wa ukoo, naye alikuwa nao. Mama akachukua kisu cha nyama, akakata kidonge changu katikati.

"Mama, hiyo ni dawa ya majaribio, si mkate!"

"Sasa utameza aje na mwenzako anakuangalia?"

Kwetu hata maziwa hayanywewi mbele ya mgeni bila yeye kuonja, lakini jamani, dawa? Nilimsihi mama aende amwandikishe mwenzangu kwa daktari. Akaenda, akaambiwa nafasi zimejaa. Akarudi, akashika kisu. Nilikasirika nikasusa chakula. Mama akampa yule dada sahani yangu pia.

Nusu haikumfaa yeyote. Damu ikarudi, kwangu na kwake. Daktari akapima, akapima tena, akasema dawa imeshindwa. Hapo nikamwambia ukweli wote, nikitumaini atatupa vya kututosha sisi wawili. Akatupa kalamu mezani. Tumemharibia kazi yake yote, alisema, na siku hiyo hiyo akanitoa kwenye majaribio.

"Pole, daktari," mama alimwambia, kwa huruma kabisa. "Lakini ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Daktari akatufungulia mlango. Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilitangulia njia nzima nikisonya, nikiwaza muhula utakaoanza bila mimi, na maneno makali ya kumwambia yule dada nikayapanga vizuri kichwani.

Tulimkuta ameketi mlangoni. Hakuwa na habari. Alikuwa ameshateka maji ya kumezea dawa ya jioni, vikombe viwili, na aliponiona akanisogezea kile kilichojaa zaidi.