Kisima cha Matakwa na Sauti ya Scovia

Watu wa Macalder waliijua sauti ya Boaz Oluoch kuliko walivyoujua uso wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa nyuma ya watazamaji katika kibanda cha video cha Bashir, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, maikrofoni mkononi, akiwasimulia wachimbaji dhahabu filamu za lugha wasizozielewa. Alisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu benchi moja lilikalisha Mjaluo, Mkuria na Mkisii, na kila mmoja alitaka kucheka wakati mmoja na jirani yake.

Nje ya kibanda hakuwa mtu wa maneno. Ukikutana naye sokoni angekusalimu, angeuliza hali ya nyumbani, basi. Alivaa shati lililopigwa pasi hata siku za matope, na mfukoni hakukosa kalamu mbili.

Kabla ya kusimulia filamu yoyote aliitazama mara tatu. Mara ya kwanza aliitazama tu. Mara ya pili aliandika kwenye daftari: huyu ni ndugu ya yule, huyu ni msaliti, huyu anakufa dakika ya arobaini. Mara ya tatu aliwagawia watu wa filamu majina, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Siku hizi kila mchimbaji ana simu ya kuangalia filamu akitaka. Wanaokuja kibandani huja kumwona jirani yao akikimbizwa na majambazi. Kwa hiyo askari mnene angeitwa Bogonko, kama mwenye kinu cha kusagia mawe, na Bogonko mwenyewe, akiwa benchi la mbele, angepigwa makofi ya mgongo mpaka filamu iishe.

Lakini kulikuwa na mwiko mmoja. Mtu anayekufa kwenye filamu hapewi jina la mtu aliye hai hapa. Wanaume wa Macalder hushuka mashimoni kwa kamba, na kumtaja mtu kuwa amekufa wakati yuko chini ya ardhi si jambo la mzaha. Wa kufa walipewa majina ya mbali yasiyo na mwenyewe. Katika miaka yote hiyo Boaz hakuwahi kukosea hata mara moja, na ndiyo sababu watu walimwita Japuonj, yaani mwalimu.

Kisha akaja Scovia.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi kutoka Rodi Kopany, na alikuja kuuza njugu mlangoni mwa kibanda. Kwa miaka mitatu alikaa pale na beseni lake, akisikiliza. Siku moja Boaz alishikwa na homa, watazamaji wakaanza kudai warudishiwe kiingilio, na Scovia akamwambia Bashir, "Nipe hiyo maiki, tajiri. Nikishindwa nitawagawia njugu bure." Hakushindwa. Boaz aliporudi baada ya siku nne alikuta wachimbaji wakirudia maneno ya Scovia kisimani na kwenye mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyemuuliza Boaz homa ilikuwaje.

Tangu hapo Bashir aliwagawia siku. Boaz alikuwa akikaa benchi la nyuma siku za Scovia, mikono imekunjwa, akihesabu makosa yake. Yalikuwa mengi. Alimwita mtu mmoja kwa majina mawili. Alisahau nani ni kaka ya nani. Lakini watu walicheka kwa tumbo, na mara nyingine Boaz mwenyewe alilazimika kukohoa ili asicheke. Akirudi nyumbani alijaribu utani wa namna ile mbele ya kioo cha kunyolea. Haukutoka. Ulitoka kama tangazo la chifu.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, lakini Bashir akakodi ukumbi Homa Bay, karibu na soko la samaki, wenye viti vya kuegemea na projekta ya ukuta mzima. Alitaka msimulizi mmoja wa kuhamia huko. "Jumamosi nitawasikiliza wote wawili," aliwaambia. "Scovia saa nane, ile ya kutisha. Boaz saa kumi, ile ya vita. Nitakayempenda, Jumatatu tunaondoka naye."

Filamu zote mbili zilikuwa kwenye flashi moja, na flashi ilibaki kwa Boaz. Scovia alikuwa amempeleka mama yake hospitali Homa Bay na angerudi Jumamosi adhuhuri.

Boaz aliitazama ile ya kutisha mara tatu, ingawa haikuwa yake. Picha iliyobandikwa mlangoni ilionyesha bibi kizee mwenye mdomo kifuani, na kijiji kizima kilikuwa kikimzungumzia huyo bibi tangu Jumatano. Ndani ya filamu hakuwemo. Kulikuwa na kisima nyuma ya nyumba kubwa. Ukinong'ona unachokitaka, unakipata, kisha kinakugeuka. Msichana mmoja alitaka nywele ndefu, zikarefuka mpaka zikajaa bafu, na zilionekana wazi kuwa za katani. Kijana mwingine alitaka kupendwa, akaanza kufuatwa na mbwa. Bibi kizee alipita mara moja tu nyuma ya pazia, kivuli tu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Mwisho kulikuwa na mke aliyenong'ona kwamba anamtaka mumewe arudi kutoka kazi ya melini. Mume akarudi, amelowa, akasimama mlangoni bila kusema neno, siku nzima. Halafu akaanguka, macho wazi, amekufa. Filamu ikaishia hapo.

"Upuuzi," Boaz aliandika chini ya ukurasa, akapiga mstari. Moyoni alifurahi. Filamu kama hiyo hata Scovia asingeweza kuiinua.

Jumamosi Scovia alifika saa saba na nusu, vumbi mpaka kwenye kope, akamkuta Boaz akiunganisha nyaya za spika.

"Japuonj, nisaidie. Sijaona hata kipande. Iko namna gani?"

"Ni ya kawaida tu."

"Hiyo kawaida yako ni darasa la nne ama chuo kikuu?" Alicheka, akafuta uso kwa leso. "Niambie tu wa kufa. Hao wengine nitapambana nao."

Boaz alimtajia wawili wa kwanza, msichana wa nywele na kijana wa mbwa. Alisema kweli: wote wawili wanakufa. Akaongeza kwamba mwisho kuna mume na mke.

"Na huyu wa mwisho, mwenye mke? Anafika mwisho?"

Boaz aliinama kukaza waya ambao ulikuwa umekaza tayari. "Anafika," alisema.

"Asante, Japuonj. Mungu akuzidishie."

Kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa chini. Bashir alikaa karibu na mlango, miguu imenyooshwa. Boaz alikaa mahali pake pa nyuma. Katika benchi la tatu alimwona Bhoke, mwanamke wa Kikuria anayeuza uji penye mashimo. Mume wake, Cliff, alikuwa zamu ya mchana, chini.

Kwa saa nzima filamu ilienda kama Boaz alivyotarajia. Watu walingoja bibi kizee. "Huyo mwenye mdomo ako wapi?" mmoja aliuliza kwa sauti. "Amekwama Rongo, gari imeharibika," Scovia akajibu kwenye maikrofoni, na wakacheka, lakini si sana. Wengine walianza kutoa simu. Bashir alipiga miayo. Boaz aliona miayo ile na joto tamu likampanda kifuani.

Ndipo akatokea mke, amesimama kisimani.

"Na huyu ni nani?" Scovia akawauliza watazamaji. "Si ni Bhoke wetu? Angalia anavyosimama, kama mtu anayengoja deni la uji. Bhoke anamtaka nani? Anamtaka Cliff."

Kibanda kikaamka. Bhoke akafunika uso kwa kanga, akicheka. Simu zikarudi mifukoni. Mume alipotokea mlangoni, amelowa, watu wakamlaki kwa jina. "Cliff, vua viatu," Scovia alimwambia. "Bhoke amepiga deki." Kila alilosema lilipokelewa. Bashir akakunja miguu, akainama mbele, kiwiko juu ya goti. Boaz alijua mkao huo. Bashir alikuwa akikaa hivyo zamani, siku za Boaz.

Angeweza kusimama wakati ule. Ilikuwa hatua tano kufika penye maikrofoni, kumnong'oneza tu: anakufa. Boaz alihesabu dakika kwenye saa yake badala yake. Zilibaki sita, zikabaki nne.

Mume akaanguka. Picha ikasogea karibu na uso wake, macho wazi, mdomo wazi, ikakaa hapo.

Filamu ambayo haikuwa imemtisha mtoto ikawatisha watu wazima sitini. Mtu akasema polepole kwa Dholuo kwamba hilo halisemwi. Bhoke alikuwa amesimama, kanga imemwanguka begani, anatazama skrini, kisha anatazama mlango, upande wa mashimo.

Scovia aligeuka na kumtazama Boaz. Hakumtazama kwa muda mrefu. Kisha akainua maikrofoni.

"Kaa, dadangu," alisema, pole kabisa. "Kaa nikwambie. Huyo si Cliff."

Bhoke hakukaa.

"Tangu alipoingia mlangoni nimekuwa nikimwangalia, nikasema, ngoja nione kama watu wa Macalder wako na macho. Cliff gani huyo anasimama nyumbani siku nzima bila kuuliza chakula? Hata maji hakuitisha. Hajatukana mtu. Huyo ni yule bibi kizee wa mlangoni, ule mdomo ameuficha chini ya shati. Amevaa sura ya Cliff ili aingie kwa Bhoke. Sasa Bhoke amemkazia macho, amejua, na yule bibi ameshindwa, ameanguka. Cliff mwenyewe yuko kazini. Jioni anakuja na njaa yake, na huyo ndiye utamjua."

Kicheko kilianza pembeni, kikasitasita, kikaenea kibanda chote. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye skrini na watu bado walikuwa wakibishana: mimi nilijua, wewe hukujua, ndiyo maana alikuwa amelowa, alitoka kisimani. Walikuwa wameipenda. Boaz alibaki ameketi. Alikuwa ameitazama mara tatu, na hilo la bibi kizee hakuliona. Halikuwemo, lakini sasa lilikuwemo, na filamu ilikuwa nzuri.

Bhoke alienda mashimoni hata hivyo, mbio. Alirudi baada ya muda, anahema, amemwita Cliff kutoka juu naye amemjibu kwa matusi kwamba anampotezea wakati. Watu wakacheka upya. Bhoke alicheka pia, lakini hakurudi kwenye benchi lake.

Nje, chini ya paa la mabati, Bashir alimshika Scovia bega. "Jumatatu," alimwambia. Kisha akamgeukia Boaz kwa moyo mweupe. "Na wewe, ndugu yangu, asante. Najua flashi ilikuwa kwako. Huyu amefika saa saba na nusu na bado ameijua filamu namna hii. Hiyo ni kazi yako. Umemfundisha vizuri."

Scovia aliangalia chini. Alikuwa akichagua njugu mbovu kwenye beseni na kuzitupa. Ilionekana hangemchongea Boaz.

Boaz angeweza kuitikia tu. Lakini akafungua mdomo, na kilichomsukuma hakikuwa toba, angalau si mwanzoni. Ni kwamba kila alichokitaka kilikuwa kimeenda kwa yule mwanamke, na sasa hata ubaya aliomtendea ulikuwa unageuzwa kuwa sifa ya wote wawili. Na zaidi ya hapo Scovia alikuwa anamsitiri. Hilo hakuliweza.

"Sikumfundisha," alisema. "Aliniuliza kama yule mume anakufa. Nikamwambia hafi. Nilijua anakufa dakika ya themanini na tatu."

Bashir alimkazia macho. "Ulisahau."

"Sikusahau. Mimi sisahau."

Bhoke alikuwa amesimama penye mlango na mtungi wake wa uji. "Ulijua niko ndani?" aliuliza.

"Nilikuona."

"Na Cliff ako chini."

"Nilijua, mama."

Bhoke alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani asichokiamini, kisha akainua mtungi akaenda zake.

"Kwa nini, Japuonj?" Scovia aliuliza. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Boaz angelipa chochote iwepo.

"Wewe wanacheka nawe," alisema. "Mimi wananielewa tu."

Bashir alipangusa paji la uso. Alikuwa mfanyabiashara, na watu wa saa kumi walikuwa wameshaanza kupanga foleni. "Kibanda hiki kitabaki kwako," alisema hatimaye, "kwa sababu sina mwingine. Lakini kwa Bhoke utaenda mwenyewe, na Cliff akiwepo. Mimi sitakwenda nawe." Akaenda kukata tiketi.

Saa kumi Boaz alikaa kwenye kiti chake, daftari magotini, akawasha filamu ya vita. Benchi la tatu lilikuwa na pengo. Scovia alikuwa ameingia kwa tiketi yake mwenyewe, ameketi mbele, beseni miguuni. Boaz alianza. Hakukosea jina hata moja. Katikati kulikuwa na sehemu ndefu ambapo askari walikuwa wanavuka mto tu, wanavuka, hakuna linalotokea, na watu wakaanza kusogeza miguu. Boaz alishusha maikrofoni, akatazama kisogo cha Scovia, akajikuta anajiuliza mwanamke yule angesema nini hapo. Swali hilo lilimuuma kuliko kuikosa Homa Bay yenyewe. Askari waliendelea kuvuka, na watu sitini walikuwa wanamngoja.